Tundu Kwenye Paa la Kanisa: Maisha ya Giovanni Domenico Cassini



Majuzi, tukiwa kwenye chai baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinivuta pembeni. Binti yake amepata nafasi chuo kikuu na anataka kusoma fizikia na elimu ya nyota. Ada wamepata. Kinachomkosesha mama usingizi ni jambo jingine: mtoto akishasoma hayo, je, ataendelea kuingia kanisani? Ameniruhusu niliandike swali lake bila kumtaja. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa pale pale, kikombe mkononi. Leo namletea, yeye na wazazi wengine wenye hofu kama yake, maisha ya mtu mmoja aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi yake ya kisayansi ndani ya kanisa, tena kanisa hilo likatobolewa paa kwa ajili ya kazi hiyo.

Giovanni Domenico Cassini alizaliwa tarehe 8 Juni 1625 katika kijiji cha Perinaldo, kwenye vilima vya kaskazini-magharibi mwa Italia. Alilelewa na mjomba wake, ndugu wa mama yake. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa maana yake, maana tusingefika shule bila mjomba au shangazi. Baadaye alisomeshwa na mapadri Wajesuiti katika mji wa Genoa, na hapo akapenda hesabu na nyota.

Lakini mapenzi yake ya kwanza hayakuwa ya sayansi safi. Kijana Cassini alivutiwa na unajimu, yaani kupiga ramli kwa kutazama nyota. Jina lake lilianza kujulikana kwa njia hiyo, hata tajiri mmoja wa Bologna, Cornelio Malvasia, akamwita mwaka 1648 afanye kazi katika nyumba ya kutazamia nyota aliyokuwa akiijenga huko Panzano. Kadiri Cassini alivyosoma na kuhesabu, ndivyo alivyoona kwamba utabiri ule hauna msingi, akauacha. Kilichobaki mkononi mwake ni vipimo na subira. Kwa hiyo katika maisha yake elimu haikumwondolea imani. Ilichomwondolea ni ushirikina.

Mwaka 1650, akiwa na miaka 25 tu, alipewa nafasi ya kufundisha elimu ya falaki katika Chuo Kikuu cha Bologna. Chuo hicho kinahesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote Ulaya. Mapokeo yanataja mwaka 1088 kuwa mwanzo wake. Ndiko alikosoma Nicolaus Copernicus, na tarehe 9 Machi 1497, akiwa mwanafunzi mjini humo, alitazama Mwezi ukiifunika nyota angavu iitwayo Aldebaran. Huyo Copernicus ndiye aliyekuja kuandika kwamba Dunia inalizunguka Jua. Kijana wa Perinaldo aliingia katika nyumba yenye wazee wakubwa.

Sasa tuingie kanisani. Katikati ya Bologna kuna kanisa kubwa la San Petronio, lililoanza kujengwa mwaka 1390. Kanisa na falaki vilikutana hapo kwa sababu ya Pasaka.

Tarehe ya Pasaka hubadilika kila mwaka, na watoto wetu huuliza kwa nini. Kanuni ya zamani ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe hiyo inasimama badala ya ile siku ya masika ya Ulaya ambapo mchana na usiku hulingana. Basi kanisa lisipojua siku hiyo kwa uhakika, halijui Pasaka ni lini. Kalenda ya kale ya Warumi ilikuwa na kosa la kama dakika 11 kila mwaka. Dakika 11 ni kidogo, lakini kosa dogo likirudiwa miaka mia kadhaa huwa kubwa. Kufikia mwaka 1582 kalenda ilikuwa imeachana na Jua kwa siku 10. Papa Gregori wa 13, aliyekuwa mzaliwa wa Bologna na mwalimu wa sheria mjini humo kabla ya kuwa Papa, aliamuru siku 10 zifutwe. Watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Ndiyo kalenda iliyoko kwenye simu zetu leo.

Padri mmoja Mdominiko, Egnazio Danti, aliyeshiriki katika kazi hiyo ya kalenda, alikuwa amechora mstari sakafuni mwa San Petronio ili kufuatilia Jua. Lakini mstari wake haukunyooka sawasawa kaskazini na kusini. Kisha, wakati wa Cassini, kanisa likapanuliwa, na ukuta uliokuwa na tundu la Danti ukawa wa kubomolewa. Cassini akajitokeza na pendekezo la mstari mpya, mrefu na sahihi zaidi.

Wako waliosema haiwezekani. San Petronio limejaa nguzo nene, na mstari wa kweli wa kaskazini na kusini ulionekana kana kwamba lazima ugonge mojawapo. Cassini alipiga hesabu zake akaona upenyo, mwembamba lakini upo. Mwezi Juni 1655, Jua likiwa katika kilele chake cha mwaka, aliwaalika watu waje washuhudie. Mwanga ukashuka kutoka juu, ukapita katikati ya nguzo, ukaangukia pale aliposema utaangukia.

Chombo chenyewe ni rahisi kukieleza. Juu, kama mita 27 kutoka sakafuni, kuna tundu la upana wa milimita 27 hivi. Chini, mstari wa zaidi ya mita 66 umepita sakafuni. Kila siku Jua likifika kilele cha safari yake ya mchana, yaani saa sita ya kweli ya adhuhuri, mwanga unaopita tunduni huangusha doa la Jua juu ya mstari. Majira ya joto Jua liko juu sana, doa huanguka karibu na chini ya tundu. Majira ya baridi Jua liko chini, doa husogea hadi mwisho wa mbali wa mstari. Ukijua doa liko wapi, unajua siku ya mwaka. Kanisa zima limekuwa darubini isiyo na kioo.

Tukumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1633, miaka 22 tu kabla ya siku ile, Galileo alikuwa amehukumiwa na Kanisa kwa kufundisha kwamba Dunia inalizunguka Jua. Bologna ilikuwa chini ya utawala wa Papa. Hukumu ile ilikuwa kosa, na hatuna haja ya kuificha. Lakini ni kweli pia kwamba katika miaka hiyohiyo, katika mji wa Papa, paa la kanisa lilitobolewa ili Jua lipimwe vizuri zaidi.

Na kipimo kikatoa jibu zito. Jua huonekana kwenda haraka kidogo katika baadhi ya miezi kuliko mingine. Wazee wa zamani walisema mwendo wake ni uleule, ila huonekana kuwa wa haraka kwa sababu wakati huo liko karibu nasi. Johannes Kepler alisema hapana, mwendo wenyewe hubadilika kweli. Kama wazee walikuwa sahihi, ukubwa wa doa la Jua ungebadilika kwa kiasi fulani katika mwaka. Kama Kepler alikuwa sahihi, ungebadilika nusu ya kiasi hicho. Cassini alipima doa sakafuni mwezi baada ya mwezi. Ikawa nusu. Kipimo hicho hakikusema ni Dunia au ni Jua linalosafiri, na Cassini mwenyewe alikuwa mwangalifu sana katika jambo hilo. Ila hesabu ya Kepler ilithibitishwa, na sakafu ya kanisa ndiyo iliyotoa ushahidi.

Cassini hakuishia hapo. Serikali ya Bologna ilimtumia katika mambo ya mito na mafuriko, kwa sababu mji ulikuwa na mgogoro wa maji na jirani yake Ferrara. Kwa darubini nzuri za fundi Giuseppe Campani wa Roma, aligundua mwaka 1665 kwamba sayari kubwa ya Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 56. Mwaka uliofuata alipata kwamba Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 40, na vipimo vya leo vinatofautiana na chake kwa dakika chache tu. Mwaka 1668 akachapisha majedwali ya miezi ya Mshtarii, na sifa zake zikavuka mipaka.

Hapo ndipo maisha yake yanapofanana na yetu. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, kupitia waziri wake Colbert, alimwita Paris kusaidia kituo kipya cha kutazamia nyota. Cassini alifika mwaka 1669, akiwa na miaka 43. Ruhusa aliyopewa na Papa ilikuwa ya muda. Angekaa kidogo kisha arudi. Ni wangapi kati yetu tulisema maneno hayohayo uwanja wa ndege? Mwaka 1673 akachukua uraia wa Ufaransa. Akaoa huko, akapata watoto, na jina lake likaandikwa Jean-Dominique. Bologna haikumpata tena kama mkazi.

Kazi ya Paris ilikuwa kubwa. Aligundua miezi minne ya sayari ya Zohali: mmoja mwaka 1671, mwingine 1672, na miwili 1684. Mwaka 1675 aliona kwamba pete ya Zohali si kitu kimoja, ina mwanya katikati, na mwanya huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1672 mwenzake Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, atazame Mirihi wakati Cassini na wenzake wanaitazama kutoka Ufaransa. Nyosha kidole gumba mbele ya uso, kifunge jicho moja halafu lile jingine: kidole kitaonekana kuruka. Kwa kuruka kwa namna hiyo kwa Mirihi, Cassini alikadiria umbali wa Jua kuwa kama kilomita milioni 140. Leo tunajua ni karibu milioni 150.

Alikosea pia. Ole Rømer, kijana kutoka Denmark aliyefanya kazi kituoni hapohapo, alionyesha mwaka 1676 kwamba mwanga huchukua muda kusafiri, akitumia mwezi mmoja wa Mshtarii. Cassini aliukataa mwanga huo mpya, na kijana ndiye aliyekuwa sahihi. Sisi wazee wa kanisa tulikumbuke hilo vijana wetu wanapotuambia jambo tusilolizoea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote inatokea mwaka 1695. Cassini, akikaribia miaka 70, alirudi Italia. Hakuenda peke yake. Alikwenda na mwanawe Jacques, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa na kukulia Paris. Wakafika San Petronio, na baba akaukagua tena ule mstari aliouchora miaka 40 nyuma. Ukapimwa upya na kukarabatiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Mtoto wa ughaibuni aliingia katika kanisa la ujana wa baba yake akaona kwa macho yake kazi ambayo mikono ya baba iliifanya, na akaona kwamba baba haogopi kuipima tena.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya giza. Macho yaliyoona mwanya wa Zohali yalipofuka. Katika kazi yangu nimewaona wengi wanaopoteza kile walichokitegemea zaidi, na najua si jambo dogo. Alifariki Paris tarehe 14 Septemba 1712, akiwa na miaka 87. Jacques alishika kazi yake, kisha mjukuu, kisha kitukuu. Vizazi vinne mpaka wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1997 chombo cha angani chenye jina la Cassini kilirushwa, kikalifikia eneo la Zohali mwaka 2004, kikafanya kazi huko hadi 2017.

Mama yangu mpendwa, jibu langu ni hili. Siwezi kukuahidi binti yako atafanya nini. Hakuna mzazi anayepewa ahadi hiyo. Lakini kitabu cha fizikia hakitamtoa kanisani. Kinachoweza kumtoa ni kuuliza swali la kweli kisha akakuta sote tumegeuza nyuso. Watu wa San Petronio walikubali paa lao litobolewe, na jengo halikuanguka. Mwanga uliingia, na kila adhuhuri yenye jua bado unaingia.

Mwache aende. Halafu akija likizo, mkalishe mezani akueleze alichojifunza. Na siku moja mpeleke nyumbani, akaone wewe ulianzia wapi.

Mungu awabariki, na tuonane Jumapili.