Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelivisha gurudumu hewa

JINA Dunlop limeenea kote ulimwenguni, na wengi wanapolisikia hudhani kwamba ni la kiwanda tu. Wachache wanafahamu kwamba lilikuwa la daktari wa mifugo, mtu mwenye ndevu nyingi, aliyetengeneza tairi kwa mikono yake mwenyewe ili mwanawe apate nafuu ya mawe ya barabarani. Wachache zaidi wanajua kwamba jina hilo lilipoanza kuwatajirisha watu, mwenyewe alikuwa amekwisha kujitenga nalo.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire nchini Scotland, katika jamii ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo jijini Edinburgh na kuhitimu angali kijana wa miaka 19. Mnamo 1867 alihamia Ireland, na kufikia miaka ya 1880 kliniki yake katika barabara ya May Street, Belfast, ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kisiwani humo. Farasi ndio waliokuwa wakivuta mizigo na abiria enzi hizo, hivyo daktari wao hakukosa kazi.

Baiskeli za wakati huo zilikuwa na magurudumu yaliyozungushiwa mpira mgumu usio na hewa ndani. Barabara za Belfast nazo zilikuwa zimetandikwa mawe, na kila jiwe lilimfikia mwendeshaji mgongoni. Johnnie, mwanawe Dunlop, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na mtikisiko huo ulimsumbua. Mzazi huyo alitafakari na kutambua kwamba kilichohitaji kulegea hakikuwa kiti wala barabara, bali ile sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi.

Mnamo Oktoba 1887, katika ua wa nyumba yake, Dunlop alichukua kipande cha mpira mwembamba akakiunganisha kuwa mrija, akauzungusha kwenye duara la mbao, akaufunika kwa kitambaa cha kitani na kuujaza hewa kwa pampu. Kitani hakikuwa adimu, kwani Belfast lilikuwa jiji lililosifika kwa ufumaji wake. Kisha alilibingirisha gurudumu hilo uani, na vilevile gurudumu la chuma lililotoka kwenye baiskeli ya mtoto. La chuma lilichoka na kuanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Lile lenye hewa lilifika hadi kwenye nguzo ya lango, likaigonga na kurudi nyuma.

Baada ya jaribio hilo aliyafunga matairi ya aina hiyo kwenye baiskeli ya mwanawe, kisha kwenye baiskeli kubwa. Desemba 7, 1888, alipewa hataza ya uvumbuzi wake.

Umma ulihitaji ushahidi, nao ulipatikana uwanjani. Mei 18, 1889, Willie Hume, nahodha wa chama kimoja cha waendeshaji baiskeli jijini Belfast, alishinda mashindano yote manne ya baiskeli katika michezo ya Queen's College akitumia matairi ya Dunlop. Miongoni mwa walioachwa nyuma walikuwa wana wa mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros. Badala ya kununa, mzee huyo aliona biashara. Kampuni ikaundwa Dublin, na Dunlop akaikabidhi hataza yake kwa malipo yaliyojumuisha hisa.

Furaha hiyo haikudumu. Miaka miwili baada ya kupewa hataza, Dunlop aliarifiwa kwamba haikuwa na nguvu kisheria. Mwenzake wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilo hilo tangu 1845, na hata kulijaribu kwenye magari ya farasi jijini London. Thomson alifariki mwaka wa 1873, kabla ya baiskeli kuenea. Wazo lake lilikuja mapema mno, likasahaulika hata na waliolihitaji.

Hata hivyo, kampuni haikufa, kwani ilinunua hataza za wavumbuzi wengine waliobuni namna ya kulishikiza tairi kwenye rimu. Hilo lilikuwa jambo zito. Matairi ya mwanzo yaligandishwa kwa gundi na kuviringishiwa kitambaa, hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mnamo 1891, Mfaransa Charles Terront alishinda mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi, takriban kilomita 1,200, akitumia matairi ya Michelin yaliyoweza kuvuliwa.

Dunlop alijiuzulu mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata, biashara hiyo iliuzwa kwa pauni milioni tatu kwa mwekezaji Terah Hooley, ambaye aliiuza tena kwa umma kwa pauni milioni tano. Katika neema hiyo, daktari wa mifugo hakuwa na fungu la kutajika.

Kuna wengine walioumizwa na tairi hilo pasipo kuliona. Mahitaji ya mpira yaliongezeka kwa kasi baada ya uvumbuzi huo, na katika Dola Huru ya Kongo utawala wa Mfalme Leopold II uliwalazimisha wanavijiji kugema mpira wa mwituni. Walioshindwa kutimiza viwango waliadhibiwa, wengine wakakatwa mikono, wengine wakauawa. Dola hiyo ilidumu hadi 1908. Dunlop hakushiriki katika unyama huo, lakini historia ya tairi haiwezi kuelezwa kwa haki iwapo mikono hiyo itasahaulika.

Dunlop aliaga dunia jijini Dublin mnamo Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange.

Hadi leo, katika mashindano ya baiskeli za matopeni, yaani saiklokrosi, mabingwa wengi huchagua matairi yaliyoshonwa kwa mkono, yenye kitambaa laini cha pamba. Nyuzi zikiwa nyembamba na nyingi, tairi hulegea zaidi na kuifuata ardhi. Kwenye tope huchaguliwa lenye meno marefu yaliyoachana. Kwenye nyasi kavu, lenye meno mafupi. Wanaopita barabara za changarawe hutafuta lililo pana zaidi. Rimu hupakwa gundi tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa likauke, ndipo tairi lipachikwe, linyooshwe na kulazwa usiku kucha. Fundi mwenye haraka hulipa kwa tairi kuchomoka kwenye kona.

Hewa nayo huwa kidogo kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu tairi gumu hurukaruka juu ya mawe ilhali lililolegea huyameza. Hilo ndilo somo lililopatikana katika ua mmoja wa Belfast, kutoka kwa mzazi aliyetaka tu mwanawe aendeshe baiskeli bila maumivu.