Leo Hendrik Baekeland, Aliyetengeneza Bakelaiti

Itazame plagi ya redio ambayo haijachomekwa. Pini zake ni za mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa sababu umeme hupita humo kwa urahisi. Kasha linalozishika ni la plastiki, nayo ni kihami, yaani haipitishi umeme. Kasha hilo humkinga mtu asipigwe na umeme, na huzishika pini zisigusane. Pini zikilegea ndani ya soketi hupata joto. Kasha likiyeyuka, pini zaweza kugusana na nyumba ikaungua. Kwa hiyo watu walihitaji kihami kisichoyeyuka, na aliyekipata ni Leo Hendrik Baekeland.

Baekeland alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Alisoma kwa bidii, akapata shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mwaka 1889 alikwenda Marekani. Huko alitengeneza karatasi ya kusafishia picha iitwayo Velox, na mwaka 1899 akamwuzia George Eastman kwa fedha nyingi. Angeweza kustarehe. Badala yake alijenga maabara nyumbani kwake, Yonkers, karibu na jiji la New York.

Zamani zile nyaya za umeme zilipakwa gundi itolewayo na wadudu wadogo wa Asia, na gundi hiyo haikutosha. Baekeland akachanganya fenoli, iliyopatikana kutokana na makaa ya mawe, na formaldehaidi. Mjerumani Adolf von Baeyer alikwisha kujaribu kemikali za namna hiyo mwaka 1872, akaambulia utomvu ulioganda na kuharibu vyombo vyake. Wengine waliomfuata waliogopa kuzidisha joto, kwani mchanganyiko ulitoa povu na kujaa matundu. Baekeland hakupunguza joto, bali alilizidisha, ndani ya pipa zito la chuma lililofungwa kabisa. Kanieneo kubwa iliyokuwamo ilizuia povu. Mwaka 1907 alipata kitu kigumu ambacho kikishaganda hakiyeyuki tena. Akakiita Bakelaiti.

Peke yake kilivunjika upesi, kwa hiyo alikichanganya na unga laini wa mbao. Mwanafunzi wa Igowole, wilayani Mufindi, huliona vumbi la mbao kila zinapopasuliwa. Pengine hakudhani kwamba vumbi kama hilo limo ndani ya swichi!

Plagi, simu na makasha ya redio yakatengenezwa kwa Bakelaiti. Hata kibao cha kahawia kilichomo ndani ya redio nyingi, chenye njia nyembamba za shaba na vitundu vya kuingizia pini, ni karatasi iliyoloweshwa utomvu wa jamii hiyo.

Baekeland alifariki mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 80. Siku hizi makasha mengi ya pini hutengenezwa kwa nailoni, ambayo haivunjiki upesi lakini huyeyuka. Palipo na joto kubwa, kama katika baadhi ya swichi na vipini vya sufuria, mafundi wangali wakichagua plastiki ya jamii ya Bakelaiti.