Atisha, mtawa aliyeiwekea Tantra mipaka

Wamaasai wa Kajiado wanajua kuwa elimu ya laibon haitolewi kwa kila mtu. Hurithishwa katika ukoo wa Inkidong'i. Kwa hivyo, msomaji wa Kitengela hatatatizika kumwelewa Atisha, mwanazuoni wa Kibudha aliyekumbana na swali la nani anastahili kupewa siri za dini.

Atisha alizaliwa mwaka wa 982 katika jamaa ya kifalme huko Bengal, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Alivuka bahari hadi Sumatra kutafuta elimu, kisha akafundisha katika chuo cha Vikramashila, India.

Mnamo 1042 aliwasili magharibi mwa Tibet kwa mwaliko wa watawala wa Guge. Watawala hao walikerwa na watu walioitumia Tantra, njia ya siri ya ibada na tafakuri inayoaminiwa kumfikisha mfuasi upesi kwenye mwangaza wa Buddha, kama kisingizio cha uasherati.

Atisha hakuipiga marufuku. Katika kitabu chake kifupi, Bodhipathapradipa, alitanguliza maadili, huruma kwa viumbe wote na hekima, kisha akaiweka Tantra mwishoni, chini ya uongozi wa mwalimu. Watawa walioapa kutooa aliwakataza kupokea daraja za siri ambazo zingevunja nadhiri yao.

Alifariki mwaka wa 1054 huko Nyethang, karibu na Lhasa. Mpangilio wake ulikuja kufuatwa na Tsongkhapa, mwasisi wa madhehebu ya Gelug, ambayo ndiyo ya Dalai Lama.