Mfalme Olaf Cuarán wa Dublin

Mwaka 795 watu wa kaskazini, wapagani waliosafiri kwa merikebu, waliteka nyara nyumba ya watawa kisiwani Iona, upande wa Skoti. Na mwaka 806 wakaua humo watu 68. Wengine wa kabila lao wakakaa Ireland, wakaufanya mji wa Dublin kuwa soko la watumwa.

Olaf Cuarán, mwana wa Mfalme Sitric, alitoka katika watu hao. Mwaka 943 alibatizwa Uingereza kwa ajili ya mapatano, naye Mfalme Edmund akamsimamia. Lakini vita hakuviacha. Mara mbili alitawala York, mara mbili akafukuzwa. Tangu mwaka 952 akakaa akitawala Dublin.

Mwaka 980, katika uzee wake, jeshi lake lilishindwa huko Tara na Mfalme Máel Sechnaill, na mwanawe Ragnall akauawa. Mshindi akauzingira mji, akawafungua watumwa wa Kiayalandi.

Ndipo Olaf alipoacha enzi yake, akavuka bahari mpaka Iona, si kwa upanga bali kwa toba. Tangu ubatizo wake ilikuwa miaka 37. Akafa huko, mahali pale baba zake walipomwaga damu.