Padre Mendel na Siri ya Njegere

Tarehe 6 Januari 1884, katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno katika Jamhuri ya Cheki, alifariki Abati Gregor Mendel. Watu walimjua kuwa mkuu wa monasteri. Wachache mno walijua kwamba katika bustani ya monasteri hiyo alikuwa amevumbua sheria za urithi.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, mwana wa mkulima, akaitwa Johann. Baba yake alipoumia asiweze tena kazi nzito, dada yake Theresia alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake asome. Mwaka 1843 aliingia katika Shirika la Mtakatifu Augustino, akapewa jina la Gregor; mwaka 1847 akapata upadre. Mara mbili alijaribu mtihani wa ualimu, na mara mbili hakufaulu. Hata hivyo hakukata tamaa.

Tangu mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere kwa maelfu. Aliondoa viungo vya kiume katika ua kabla hayajakomaa, kisha akalipaka ua hilo chavua ya mmea mwingine. Alipochanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, mbegu zote zilizozaliwa zilikuwa za mviringo. Je, makunyanzi yalikuwa yamepotea? La. Alizipanda tena mbegu hizo, akavuna 7,324: za mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Yaani karibu tatu kwa moja.

Mendel alielewa kwamba kila mmea hupokea chembe mbili za urithi, moja ya baba na moja ya mama, nao humpa mzao wake moja tu. Chembe ya mviringo huifunika ile ya makunyanzi, lakini haiiui. Mbegu yenye chembe zote mbili za makunyanzi ndiyo huonyesha makunyanzi, nayo ni moja kati ya nne.

Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa mji wake matokeo hayo, yakachapwa mwaka 1866. Karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abati, na shughuli za uongozi zikamtenga na bustani yake. Ilipofika mwaka 1900, wataalamu watatu, de Vries, Correns na Tschermak, walilifufua jina lake.

Jambo hili linazihusu nyumba zetu pia. Mume na mke walio wazima waweza kumzaa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ikiwa kila mmoja wao ana chembe moja iliyofichika. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Wala hiyo si zamu: mtoto wa kwanza akiugua, haina maana kwamba watatu wanaofuata watasalimika. Basi mume asimlaumu mkewe, wala jirani asisingiziwe uchawi. Wachumba na wapime damu mapema, na mtoto mgonjwa apelekwe hospitali. Kilichofichika hakikupotea, ndivyo njegere za Padre Mendel zilivyotufundisha.