Livingstone: Daktari aliyeshindwa na tumbo lake mwenyewe

David Livingstone, daktari na mmisionari wa Uskoti, alijitengenezea vidonge vya homa: kwinini, chumvi ya zebaki na mizizi ya kufungua choo. Enzi hizo homa ilitibiwa kwa kuharisha!

Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Baadaye tumbo likaanza kumsumbua, akawa anaharisha damu.

Mwaka 1872 alikaa Kwihara, Tabora, hadi Agosti akisubiri wapagazi. Stanley alishamsihi arudi kwao akatibiwe. Akagoma, bado anatafuta chanzo cha Mto Nile.

Alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waliompasua ili waukaushe mwili walikuta bonge la damu tumboni. Kina Susi na Chuma wakaubeba hadi Bagamoyo, wakipitia tena Kwihara.