Merneptah: Firauni aliyewafumbua macho madaktari wa moyo

FIRAUNI Merneptah alikalia kiti cha enzi cha Misri akiwa tayari mzee. Alikuwa mwana wa 13 wa Ramesses II, na kwa kuwa babake alitawala kwa takriban miaka 66, ndugu zake wakubwa walitangulia kaburini.

Alitawazwa mwaka wa 1213 hivi Kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Katika mwaka wake wa tano, majeshi yake yaliwashinda Walibya waliovamia kutoka magharibi. Ushindi huo ulichongwa kwenye jiwe lililofukuliwa Thebes mwaka wa 1896, maarufu kwa kuwa limetaja jina la Israeli.

Alifariki baada ya kutawala miaka 10 hivi, na mwili wake ukakaushwa kifalme. Ulipatikana mwaka wa 1898 katika kaburi la Amenhotep II. Mtaalamu Grafton Elliot Smith alipoufungua sanda mwaka wa 1907, alimkuta mzee mnene mwenye upara. Kipande cha mshipa wake mkuu wa damu kilipelekwa London, na mwaka wa 1909 kikabainika kuwa na chokaa.

Karne moja baadaye, madaktari wa moyo waliosoma habari hizo katika Makumbusho ya Cairo walizitilia shaka. Mtu asiyejua sigara wala vyakula vya viwandani angepataje maradhi hayo?

Waliamua kupiga maiti za kale picha kwa mashine ya CT. Ukoko wa mafuta ukidumu ndani ya mishipa hushika chokaa, nayo huonekana nyeupe kama mfupa pichani. Hospitali hutumia njia hiyo hiyo kukadiria hatari ya mshtuko wa moyo kwa walio hai, bila kuwapasua.

Matokeo ya mwaka wa 2013 yalihusu maiti 137 kutoka Misri, Peru na sehemu mbili za Marekani. Mishipa ya 47 kati yao, yaani asilimia 34, ilikuwa na dalili za ugonjwa huo. Baadhi walikuwa wawindaji, si wafalme.

Ugonjwa huu basi haukuletwa na maisha ya kisasa pekee, ingawa sigara, uvivu na mafuta mengi huuchochea. Merneptah, ambaye tangu 2021 amehifadhiwa katika Makumbusho ya Kitaifa ya Ustaarabu wa Misri, hakuwa na njia ya kuutambua mapema. Wanaoishi leo wanayo.